Mpaka wa 1910, Bido ya Njano na Viazi vya Kisoro

Safari hii zamu ilikuwa ya sisi wa historia, na swali tulilopewa linaonekana jepesi: ilikuwaje mpaka nyinyi mkazaliwa? Hatusemi biolojia, hiyo tuliimaliza shuleni. Tunasema yale mambo madogo yenye yalifanya baba fulani akutane na mama fulani, na si mwingine.

Hesabu yenyewe inatisha kidogo. Wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, wanane, kumi na sita. Ukipanda vizazi kumi unafika nafasi 1,024, na kila aliyekaa kwenye nafasi moja ilibidi apone surua, apone vita, apone njaa, halafu amkute mwenzake kabla hajaposwa na jirani. Mmoja tu akichelewa sokoni, basi, wewe hauko.

Kwa watu wengine hii ni hadithi ya kuchekesha mezani. Kwetu ina uzito mwingine. Kila mmoja wetu amewahi kukaa mbele ya meza ya ofisi fulani na kuulizwa: ulitoka wapi, tarehe ngapi, kwa nini ulichagua Uganda? Jibu linalotakiwa ni la mstari ulionyooka: hiki kilitokea, kwa hiyo nikafanya hiki. Neno "ulichagua" linatushangaza kila mara. Tukiulizana wenyewe kwa wenyewe hapa Nakawa, karibu hakuna aliyechagua. Kulikuwa na lori. Kulikuwa na mutoto mugonjwa. Kulikuwa na mtu anauza viazi.

Tuanze na huyo wa viazi.

Ukiingia soko la Nakawa, pale barabara ya Jinja, utaona magunia ya viazi kutoka Kisoro na Kabale. Muzee mmoja anayeviuza ni raia wa Uganda, Mfumbira, ana kitambulisho cha taifa na anapiga kura. Mwenzetu mmoja wa kundi hili anamwita baba mkubwa, kwa sababu ndivyo alivyo: babu wa muzee na baba wa babu wa mwenzetu walikuwa ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa Jomba, upande ambao leo ni Congo. Mmoja amezaa raia, mwingine amezaa wakimbizi. Ili kuelewa ilivyotokea inabidi twende mbali kidogo, mpaka Ulaya.

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba ambao wengi wanaukumbuka kwa sababu ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kuna mstari uliopigwa kwenye digrii moja kusini mwa ikweta, na kuna mlima unaoitwa Mfumbiro. Mkataba unasema mlima huo usihesabiwe kuwa wa Wajerumani, na kama itaonekana uko kusini ya mstari, basi mstari upindwe ili uuache nje. Soma tena hayo maneno: kama itaonekana. Watu waligawana mlima bila kuwa na hakika uko wapi. Wazee wetu waliokuwa wanalima kwenye miteremko yake wangewaonyesha kwa kidole, ila hakuna aliyewauliza.

Wabelgiji nao walikuwa na madai yao. Mzozo uliendelea mpaka wajumbe wa nchi tatu walipokaa Brussels mwaka 1910, na mwezi wa Mei wakamaliza. Bufumbira ikawa ya Waingereza, ikaingia Uganda. Rutshuru na mahali ambapo leo ni Goma zikabaki Congo ya Wabelgiji. Gisenyi ikabaki Rwanda, wakati huo ya Wajerumani. Mpaka ukapanda juu ya Sabinyo, kwenye ncha ambako nchi tatu zinagusana, ukashuka na kupita pale ambapo leo tuna Bunagana mbili, moja ya Congo na moja ya Uganda, na mtu anaweza kusalimia jirani yake kutoka nchi nyingine bila kupaza sauti.

Sasa wale ndugu wawili. Mkubwa alivuka kwenda upande wa Kisoro wakati wa vita kuu ya kwanza. Kwa nini alivuka, familia ina hadithi mbili na zinagombana mpaka leo. Ya kwanza inasema alikimbia upagazi: Wabelgiji walikuwa wanakusanya wanaume wabebe mizigo ya jeshi lao, lile lililokwenda kuteka Tabora Septemba 1916. Ya pili inasema hakukimbia kitu, alifuata musichana. Sisi tunaegemea ya pili, kwa sababu Waingereza nao walikuwa wanatafuta wapagazi Uganda, kwa hiyo kukimbilia kwao kukwepa mizigo haikuwa akili sana. Lakini tunajua pia kwamba vijana hupenda hadithi zenye musichana.

Mdogo alitaka kumfuata. Alifunga hata mkeka, wanasema. Mama yao akaugua, ikabidi mmoja abaki kumtazama, na aliyebaki ni yeye. Mama alipona. Huyo mdogo akaoa palepale Jomba, akazaa, mtoto akazaa, na sasa tuko na mwenzetu huyu ambaye anaandika haya pamoja nasi.

Katiba ya Uganda ya 1995 ina tarehe moja ambayo kila mkimbizi angepaswa kuijua: 1 Februari 1926. Raia wa kuzaliwa, kwa mujibu wa ibara ya 10, ni pamoja na yule aliyezaliwa Uganda na ambaye mzazi wake, babu yake au bibi yake ni wa mojawapo ya jamii za asili zilizokuwa zinaishi ndani ya mipaka ya Uganda siku hiyo. Kwa nini siku hiyo? Ni siku ambayo mkoa wa Rudolf ulitolewa Uganda ukapewa Kenya, na ramani ikapata umbo lake la mwisho. Yaani tarehe iliyowekwa kwa sababu ya nchi kavu ya Turkana, mbali kabisa na volkeno zetu, ndiyo inayotenganisha watoto wa tumbo moja la Jomba. Bafumbira wameandikwa katika orodha ya jamii hizo. Waliokuwa hatua chache ng'ambo ya jiwe la mpaka hawahesabiwi humo, hata kama lugha ni moja na wanajuana majina ya ng'ombe.

Hapa ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa makali. Mwenzetu mwingine alisema: "Basi ule mama angekufa tu haraka, ungekuwa na kitambulisho." Alitania, lakini tulinyamaza wote. Kwa sababu si kweli. Kama mama yule asingeugua, mdogo angevuka, angeoa Kisoro mwanamke mwingine kabisa, na leo sokoni Nakawa pangekuwa na kijana mwingine, mwenye kitambulisho, mwenye sura nyingine. Mwenzetu asingekuwa raia. Asingekuwapo. Tunaposema "laiti wazee wetu wangevuka mapema", tunadhani tunajiombea maisha mazuri, kumbe tunajifuta.

Miaka ikapita. Julai 2012 M23 waliteka Bunagana kwa mara ya kwanza, na watu wakamiminika Uganda, wengi wakipitia kituo cha Nyakabande karibu na Kisoro. Familia ya mwenzetu ilikuwa na namba moja tu ya simu ya Uganda, ya baba mkubwa wa viazi. Wakapanda lori la magunia, zaidi ya kilomita 400, mpaka Nakawa. Ukimuuliza kwa nini alichagua Kampala na si kambi, jibu sahihi ni kwamba karibu miaka mia moja kabla kijana mmoja alimpenda musichana wa upande wa pili. Jaribu kuliandika hilo kwenye fomu.

Hadithi ya pili ni ya moto. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka ubavuni na uji wa moto ukateremka ndani ya mji wa Goma. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukala katikati ya mji, ukafika ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakavuka kwenda Gisenyi kwa kupita mpaka uleule wa 1910. Baada ya siku chache wengi wakaanza kurudi, ingawa mawe bado yalikuwa yanaunguza viatu. Watu wa nje walishangaa. Sisi hatushangai: mtu anarudi kutafuta nyumba yake hata kama imebaki bati tu.

Katika Gisenyi, kwenye uwanja wa nyumba ya watu, mama ya dada yetu mmoja hakuwa na chombo cha kuchotea maji. Kijana mmoja kutoka Goma akamwazima bido yake ya njano. Bido haikurudi siku ile, wala kesho yake. Tarehe 21 Januari kituo kimoja cha mafuta cha Goma, kilichozungukwa na mawe ya moto, kililipuka wakati watu wanachota petroli, na makumi ya watu wakafa. Yule kijana, kama anavyosimulia mwenyewe, aliitwa na marafiki waende pamoja, akakosa kwenda kwa sababu hakuwa na bido. Alikuwa amemwazima musichana. Njo maana alimuoa, anasema, "sikuweza kumuacha mutu mwenye alinishikia uhai wangu". Dada yetu alizaliwa mwaka uliofuata.

Tumeisikia mara nyingi hadithi hii, na kila mara inanyooka zaidi. Zamani kulikuwa na bido mbili, sasa ni moja. Mama yake, ukimuuliza peke yake, anasema alimrudishia palepale. Hatusemi baba anadanganya. Tunasema familia ikishapona inapenda kutafuta sababu ya kupona, na sababu nzuri inashikika mkononi: bido, mkeka, homa. Wanahistoria wanaonywa juu ya jambo hili na sisi pia tunapaswa kujionya. Hadithi zote tunazozijua zimetoka kwa waliobaki. Kijana aliyekuwa na bido yake siku ile hana binti wa kukaa Nakawa kuandika insha.

Hilo tunalijua zaidi kwa sababu ya ziwa. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyojaa wakimbizi wa Congo waliokuwa wanarudi nyumbani ilizama katika Ziwa Albert. Walikuwa wanatoka upande wa Hoima, wengi wakiwa wameishi Kyangwali. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao watoto. Walikuwa wamechoka ukimbizi, walisikia kwao kumetulia, wakaamua. Ona neno hilo: hawa ndio kweli walichagua.

Mwenzetu wa tatu alikuwa na miaka tisa wakati huo. Familia yao ilikuwa imeshafunga vitu. Usiku wa kuamkia safari mdogo wake akapata malaria, mama akasema wangoje wiki. "Kama mutoto angekuwa muzima, tungeingia mu ile bwato," ndivyo mama anavyosema, halafu anabadilisha mazungumzo. Mwaka 2016 akazaliwa mtoto mwingine, wa mwisho, ambaye sasa anasoma hapa Nakawa na anatusumbua sana kwenye mikutano. Huyo mtoto yupo kwa sababu ya mbu mmoja. Tulitaka kuandika "tunamshukuru huyo mbu", tukaifuta. Malaria inaua watoto wengi kuliko maboti yote ya Ziwa Albert. Mbu hakumwokoa mtu. Ilitokea tu hivyo.

Wazee wengi hawapendi tukisema "ilitokea tu". Wanasema ni Mungu. Hatubishani nao, na baadhi yetu tunaamini hivyohivyo. Ila tate wa mmoja wetu, mama mucha Mungu kabisa, alituambia jambo ambalo limebaki vichwani: alisema yeye anamshukuru Mungu kwa kupona, lakini hasemi Mungu alimchagua, kwa sababu akisema hivyo atakutana barabarani na mama aliyepoteza watoto wanne na hatajua atazame wapi.

Kuna jambo lingine, na tunaliandika polepole. Wapo kati yetu, na kati yenu mnaosoma, waliozaliwa kwa kitu ambacho mama hakukitaka wala hakukichagua. Vita vya kwetu, kuanzia 1996 na tena kuanzia Agosti 1998, vimefanya hivyo kwa wanawake wengi. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kuwatibu na kuwasemea. Kwa ndugu zetu hawa neno "bahati" ni kama tusi. Mmoja aliwahi kutuuliza: nikifurahi kwamba niko hai, je, nimefurahia kilichompata mama yangu?

Tulizungumza jioni nzima na tulikubaliana kitu kimoja. Hapana. Kuwapo kwako hakuhitaji ruhusa kutoka kwa tendo lililokuleta. Unaweza kuchukia tendo kwa nguvu zote, unaweza kutaka aliyelifanya ahukumiwe, na jioni ukala sombe na kucheka na mama yako. Hakuna deni lolote kati ya hayo mawili. Vilevile kwa mpaka, vilevile kwa vita. Mtu asituambie kwamba kwa kuwa bila vita tusingezaliwa, basi tunyamaze juu ya vita. Volkeno haina akili na hatuishitaki. Ila wale wa Brussels walikuwa na akili, na walioleta bunduki Bunagana walikuwa na akili. Matendo ya watu yasijifiche nyuma ya neno bahati.

Na mambo haya hayajaisha, yanaendelea kutupata sisi wenyewe. Familia moja ya kundi letu ilikuwa imeshapewa tarehe ya ndege. Vipimo vya daktari vilikwisha, masufuria yaligawiwa majirani, kitanda kiliuzwa. Halafu nchi iliyokuwa iwapokee ikafunga mlango, safari ikafutwa, wakarudi kununua masufuria yaleyale kwa bei ya juu. Wao wanalia, na wana haki ya kulia. Katikati ya kulia huko, kijana wao wa kiume ameanza kuonekana kila Jumapili na binti mmoja wa Kinawataka, tena sasa anapiga pasi shati. Hatutaji jina. Tunasema tu kwamba pengine mwaka 2050 kuna mtu atauliza "ilikuwaje nikazaliwa", na jibu litakuwa kwenye barua moja ya kufuta safari ambayo mama yake kijana ameihifadhi kwenye mfuko wa plastiki.

Mahali penyewe pamejaa watu wa namna hii. Zamani, miaka ya mwisho ya ukoloni, hapa Nakawa na pale Naguru serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi Waafrika, na wakaja watu wa kila upande, Waluo, Waacholi, Waganda, wakapangiwa milango kwa zamu tu. Mtu alimuoa mtoto wa mlango wa pili kwa sababu namba za nyumba zilifuatana. Nyumba zile zilibomolewa mwaka 2011, sisi wengi hatukuziona. Lakini ukikaa kwenye stegi ya boda ukawauliza wazee wa hapa wazazi wao walikutana wapi, wengi watakuonyesha kwa kidole mahali zilipokuwa nyumba zile.

Kwa hiyo tumeanza daftari. Tunaandika kwa mkono, kisha tunapiga picha kurasa ili zisipotee tukihamishwa. Tumebadilisha maswali. Hatumuulizi mzee "kwa nini ulikimbia", hilo ameshaulizwa na ofisi tatu na amelichoka. Tunamuuliza: ile siku nani alikuambia utoke? Ulikuwa umebeba nini? Nani alikuwa aje na hakuja? Swali la mwisho ndilo gumu, na ndilo linaloleta majina mengi. Majina hayo tunayaweka ukurasa wa kushoto peke yao, bila watoto chini yake.

Kuhusu wale ndugu wawili wa Jomba, baba mkubwa wa viazi anashikilia kwamba babu yake alikimbia upagazi, anasema mwanaume wa ukoo wao hawezi kuacha ng'ombe kwa sababu ya musichana. Mwenzetu anashikilia ya pili. Kule Kisoro bado yuko bibi mmoja wa miaka 93, binti wa yule mkubwa mwenyewe, na kwenye simu alisema atatuambia ukweli wote ila si kwa simu, tuje na sukari. Tunachanga nauli ya watu watatu kwenda na kurudi kwa basi. Tumefika nusu.